Fielder imenyamaza baada ya betri mpya: skrini kubwa au spika?

Swali: "Fundi, salaam aleikum. Nina Toyota Fielder iliyotoka Japani, na kila siku natoka nayo Mtwapa kuja kazini kisiwani. Mwezi jana nilibadilisha betri, na tangu siku hiyo redio imejifunga: yaleta maandishi ya Kijapani na picha ya kadi. Kabla ya hapo nilikuwa nikisikiza nyimbo za kwenye simu kupitia kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, lakini sauti ilikuwa ya kukwaruza. Fundi mmoja ameniambia nitoe redio hiyo, niweke skrini ya Android ya inchi 10 na wufa, ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12. Nina shilingi 35,000. Pia nina kaseti 40 hivi za taarabu za marehemu baba, mpwa wangu amenirekodia kwa simu. Niziweke kwenye flashi, nitumie Bluetooth, au nilipie nyimbo za mtandaoni?" Msomaji, Mtwapa.

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yaje nyuma: redio badilisha, skrini iache, wufa usinunue. Pesa zitakazobaki zitie kwenye milango miwili ya mbele. Na kaseti za marehemu zirekodiwe upya, maana katika barua yako yote hiyo ndiyo mali, na simu ya mpwa wako imeipunja.

Tuanze na redio iliyojifunga. Redio nyingi za Toyota zinazokuja na gari kutoka Japani hutunza ramani kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hiyo ndiyo ufunguo. Umeme ukikatika, hata kwa zile dakika tano za kubadilisha betri, redio ikiamka huitafuta kadi yake. Isipoiona hukaa papo hapo na maandishi yale. Nyingine hutaka namba ya siri, ambayo aliyeiweka yuko Japani na hajui kama gari lake sasa lapita daraja la Nyali. Kadi yenyewe aghalabu imeshatolewa zamani na mtu aliyeona amepata kadi ya bure. Moja niliwahi kuikuta ndani ya kamera ya mpiga picha za harusi, imejaa mabibi harusi, na ramani ya Osaka imekwenda na maji. Hebu tafuta kwenye kisanduku cha mbele ya abiria na chini ya zulia la buti, kisha muulize aliyekuuzia gari. Ukiipata, irudishe, na huenda redio ikaamka bila ya gharama. Kadi yoyote tu ya dukani usikubali kuuziwa kwa kazi hiyo. Ni lazima iwe ya ramani, tena ya aina ile ile ya redio.

Lakini hata ikiamka, umefufua nini? Japani vituo vya FM vilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni wakasogeza hadi 95. Kwetu vyaanza 87.5 vikaishia 108. Kwa hiyo redio hiyo haikuumbwa kusikia Baraka FM iliyoko 95.5 wala Pwani FM ya 103.1, ila uwe umefungiwa ekspanda, kile kijisanduku kinachokaa kwenye waya wa eriali kikayateremsha masafa. Ekspanda ikipunguza 15, Baraka utaikuta 80.5 na Pwani FM 88.1, nawe waendesha gari huku wafanya hesabu za kutoa.

Aliyeteseka zaidi hapo ni kile kidude chako cha kwenye kiberiti. Chenyewe ni kituo kidogo cha redio: huchukua wimbo wa simu, hutangaza kwa FM, redio ya gari ikaudaka. Lakini hutangaza kuanzia 87.5 kwenda juu, na redio ya Kijapani ya kawaida huishia 90. Mahali pa kukutana ni kichochoro cha megahezi mbili na nusu, na humo kidude kinagombania nafasi na vituo vyenye mitambo mikubwa juu ya milingoti. Ukiwa Mtwapa umepata pa kupenya, ukifika Kongowea pana mwenyewe. Halafu FM haibebi sauti nyembamba zilizozidi kilohezi 15, na kidude chenyewe ni cha bei ya chini kabisa. Kwa hiyo mkwaruzo ule haukuwa wa nyimbo, wala spika hazikuwa za kulaumiwa peke yake. Kitoe, umpe mtu usiyempenda sana.

Sasa hiyo skrini. Sisemi skrini za Android zote ni mbovu. Nasema kwamba kwenye 35,000, ukishatoa wufa, ampu yake (kile kikuza sauti), nyaya na ufundi, kinachobaki hununua ile iliyo mbovu. Hiyo huwa na kumbukumbu ya gigabaiti moja, na kwenye boksi imeandikwa nne. Asubuhi huamka polepole kuliko wewe. Ile inchi 10 huziba matundu ya AC. Na jua letu la saa saba, gari limeegeshwa nje na vioo vimefungwa, huichemsha mpaka ikaganda usiweze hata kupunguza sauti. Kipimo changu cha dukani ni mkono: inyanyue. Redio yenye ampu ya haki huwa na pande la alumini mgongoni la kupozea, na huuhisi uzito wake. Iliyo nyepesi kama sahani ya plastiki, irudishe kwenye rafu.

Siku ukipata pesa na bado roho yataka skrini, tafuta ya inchi 7 yenye Apple CarPlay au Android Auto. Mambo hayo yalianza kuingia kwenye magari mwaka 2014 na 2015, na uzuri wake ni kwamba akili yote hubaki kwenye simu, skrini ni kioo tu. Simu utaibadilisha kila baada ya miaka michache, na redio haitazeeka pamoja nayo.

Kwa leo nunua redio nyembamba, ile ya milimita 180 kwa 50, ya kampuni iliyozoeleka. Tundu la dashibodi ya Toyota ni milimita 200 kwa 100, kwa hiyo pembeni kutatiwa vipande vya plastiki vya milimita 10 kila upande, na chini patabaki nafasi ya kijisanduku cha kuwekea simu, kitu ambacho utakishukuru kuliko skrini. Iwe na Bluetooth, tundu la USB na la AUX (la waya wa kutoka kwenye simu), na mgongoni iwe na japo jozi moja ya RCA, yale matundu ya kupelekea sauti kwenye ampu ya nje, ili ukija kutaka ampu usianze upya. Pa kutilia CD usipalipie. Kama uso wake watoka, utoe kila unapoegesha, hasa ukiliacha gari njiani.

Utaona boksi limeandikwa wati 50 mara 4, au 60 mara 4. Usibabaike. Geuza redio uangalie fyuzi iliyo mgongoni: ni ya ampia 10 au 15. Injini ikiwa inaunguruma umeme wa gari ni kama volti 14.4, na 15 mara 14.4 ni wati 216 zinazoingia, na sehemu kubwa ya hizo huishia kuwa joto. Hizo wati 200 au 240 za kutoka zitatoka wapi? Ukweli ni kwamba redio yoyote, ya ghali au ya rahisi, hutoa kama wati 15 hadi 20 za haki kwa kila spika. Si aibu. Wati 20 ndani ya Fielder ni nyingi mno, mradi spika ijue kuzitumia.

Na hapa ndipo watu hupunjwa. Mteja huulizia spika ya wati nyingi, muuzaji humpa ya wati 300, akifika nyumbani sauti ni ya chini kuliko zile za zamani. Namba ya kuangalia ni nyingine: desibeli kwa wati moja. Spika moja huandikwa 86, nyingine 92. Tofauti ya 6 yaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, kwa hiyo 6 ni mara nne. Spika ya 92 ikipewa wati 20 husikika kama ile ya 86 iliyopewa wati 80, na wati 80 huna. Tafuta za inchi 6.5, omu 4, desibeli 90 kwenda juu, na ukingo unaozunguka koni uwe wa mpira. Ukingo wa sponji kwa unyevu wetu wa pwani huliwa na kuwa unga. Bonyeza kwa kidole spika kuukuu yoyote uone. Zile zenye twita, kijispika cha sauti nyembamba, katikati zakutosha. Za kutenganisha twita ni nzuri zaidi, lakini zataka fundi mwenye subira, na subira huuzwa ghali kuliko spika.

Za nyuma ziache za gari. Muziki hausikizwi kwa kisogo, na abiria wa nyuma ni watoto wanaotazama simu.

Sasa nikuonyeshe kazi ya mlango, maana ndiyo nitakayokutoza, na mtu akikufanyia kwa nusu saa ujue hakuifanya. Kuna skrubu nyuma ya mpini wa ndani na nyingine kwenye kishikio cha mkono. Zikishatoka, ubao wa mlango huvutwa kutoka chini, na vibanio vyake huachia kimoja kimoja kwa mlio wa kukatika. Vingine hukatika kweli, fundi awe na vya akiba. Ndani utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Karatasi hiyo ina kazi: maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku, na yenyewe ndiyo huyazuia yasiingie kwenye zulia. Fundi akiipasua, masika yakifika utasikia harufu ya soksi mbichi ndani ya gari na usijue yatoka wapi.

Spika ya Toyota mara nyingi imefungwa kwa riveti, kwa hiyo hutolewa kwa drili. Ishike mkononi: koni ya karatasi, sumaku ndogo kama kifuniko cha soda. Baada ya miaka kadhaa ya unyevu, karatasi ile imelegea kama chapati ya jana. Spika mpya haikai moja kwa moja kwenye tundu lile, yataka pete. Pete nyingi zinazouzwa ni za mbao za unga wa maranda, na hizo zikipata maji hufura na kumeguka. Taka ya plastiki, au ya plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote. Kabla fundi hajakaza skrubu ya mwisho, mwambie ashushe kioo mpaka chini kabisa. Sumaku ya spika mpya ni nene kuliko ya zamani, na nimeona kioo kikigota kwenye sumaku gari likiwa limeshafungwa na fundi ameshalipwa.

Kisha matundu. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa, mengine yaingia ngumi. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja, na ile ya nyuma ikipata pa kutokea huja kukutana na ya mbele, zikauana. Kinachokufa kwanza ni besi. Ndiyo maana watu hununua wufa: besi yao yote imevujia kwenye mlango. Matundu hayo zibeni kwa karatasi za mpira wa butili zenye alumini juu, na kipande kingine kibandikwe kwenye bati la nje nyuma ya spika. Ukigonga mlango kabla, walia kama debe. Baada ya hapo walia kama mlango wa sefu. Zile karatasi za lami za kuezekea paa, wanazotumia wengine kwa kuwa ni rahisi, kwa jua la hapa huyeyuka, hunuka, na hushuka mpaka kwenye mota ya kioo.

Mwisho wa mlango ni chanya na hasi. Chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, gusisha waya wa spika: koni ikiruka nje, chanya yako iko sawa. Spika moja ikifungwa kinyume hutaona moshi wala kusikia mkwaruzo, utaona tu besi haipo na mwimbaji amepotea katikati. Njia ya kumkamata fundi ni hii: sogeza sauti upande wa kulia pekee, usikize besi, kisha rudisha katikati. Ikipungua badala ya kuongezeka, arudi mlangoni.

Nyaya za redio zina rangi zinazokubaliwa na kampuni nyingi. Njano ni umeme wa muda wote wa kutunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ardhi, na zile jozi nne ni spika: nyeupe na kijivu za mbele, kijani na zambarau za nyuma. Plagi za Toyota usikubali zikatwe. Kuna plagi za kuunganishia, rahisi tu, upande mmoja huingia kwenye za gari na upande wa pili hupokea nyaya za redio. Viungo vya upande huo wa pili vitiwe lihamu na kuvalishwa kile kimrija cha mpira kinachosinyaa kikipata moto. Tepu pekee haifai kwa joto letu. Gundi yake huyeyuka, tepu ikafunguka, na waya uliobaki wazi hushika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi.

Kosa la nyaya nililifanya mwenyewe, nilipokuwa bado kijana kazini. Sikuupata umeme wa ufunguo, nikafunga njano na nyekundu pamoja, redio ikawaka, nikachukua pesa. Redio ile haikulala tena. Hata ikiwa imezimwa kwa kitufe ilikuwa ikinyonya ampia 0.3, ambazo kwa saa 24 ni zaidi ya 7, na betri ya gari dogo ni kama ampia-saa 35. Mteja alikuwa mtu wa Likoni. Aliliegesha gari kuanzia Ijumaa, Jumatatu alfajiri akalisukuma likawaka, akazima injini kwenye foleni ya feri, halikuwaka tena. Alisukumwa hadi ndani ya feri na watu waliochelewa kazini, na ng'ambo akasukumwa kutoka nje. Alinitafuta siku hiyo hiyo, na alinipata. Kwa hiyo fundi wako akimaliza, atoe kichwa hasi cha betri, apitishe mita katikati, gari likiwa limefungwa kwa nusu saa hivi: isome chini ya miliampia 50. Na ukiona kila ukizima gari redio yasahau stesheni zako, basi njano imewekwa mahali pa nyekundu.

Sauti ya mbu inayopanda ukikanyaga mafuta ni ya oltaneta, mashine ya injini inayochaji betri, na mara nyingi hutokea simu ikiwa yachajiwa huku yapiga muziki kwa AUX. Chomoa chaji. Ikinyamaza umeshajua mwizi.

Sasa muziki wenyewe upite wapi. Mimi katika gari langu natumia flashi, na nitakueleza kwa nini, ingawa najua vijana watanicheka. Flashi haitaki bando, haikatiki simu ikiita, na redio husoma faili yenyewe badala ya kupokea nakala iliyobanwa mara ya pili. Faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 220, nawe kwa siku waendesha saa ngapi, hata Nyali ikifunga? Iandaliwe (ifomatiwe) kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi hazisomi mfumo mwingine, na hili ndilo jibu la kila anayeniletea flashi ya gigabaiti 128 akilalamika redio mbovu. Jambo jingine: redio nyingi hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, hazifuati alfabeti. Zitie namba mbele, 01, 02, 03, kisha nakili folda nzima kwa mkupuo. Nunua flashi fupi isiyochomoza, goti lisije likaivunja pamoja na tundu lake.

Faili ya kilobiti 128 usiigeuze kuwa 320 ukidhani umeisafisha. Umehamisha maziwa ya chupa ndogo kwenye chupa kubwa, basi. Na wimbo uliotolewa kwenye video, ukabanwa, ukatumwa kwenye kundi, ukabanwa tena, hauna dawa kwenye redio yoyote. Spika nzuri zitakuonyesha ubovu wake waziwazi, na wateja hunirudia wakisema spika mpya zimeharibu nyimbo.

Bluetooth usiidharau. Mfumo wake wa msingi hubeba kama kilobiti 328, na ndani ya gari linalotembea ni wachache watakaoijua tofauti. Faida yake kubwa ni simu: waongea mikono ikiwa kwenye usukani. Pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, halafu upunguze na kuongeza kwenye redio. Wengi hufanya kinyume, simu chini redio juu, wakaongeza mvumo pamoja na wimbo. Utumie kwa mawaidha, habari na vipindi vya mazungumzo.

Nyimbo za mtandaoni ni suala la bando. Kwa kilobiti 160, saa moja hula megabaiti 72. Ukiendesha saa mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni gigabaiti 3.7 hivi, na kwa 320 ni mara mbili yake. Ukilipia, basi pakua nyimbo ukiwa penye Wi-Fi na uzisikize barabarani bila intaneti. Lakini niseme lililo moyoni: taarabu ya Mombasa ya zamani iliyoko mtandaoni ni chache kuliko iliyo kwenye kabati la marehemu baba yako, na kwa hiyo suala lako kubwa silo la njia ya kupitishia.

Kaseti. Kama humo mna Zein l'Abdin au Juma Bhalo au Zuhura Swaleh, baadhi utazipata pengine. Lakini kaseti nyingi za wazee wetu zilirekodiwa harusini, maikrofoni moja, watu watunza, mtoto alia nyuma. Ile ni nakala moja duniani. Mpwa wako aliiweka simu mbele ya spika, na maikrofoni ya simu imeundwa kwa maneno ya mtu: hukata besi na kushusha makofi, na juu yake hunasa mvumo wa pangaboi la sebuleni. Yataka deki ya kaseti isiyo mbovu, yenye matundu ya kutolea sauti, waya wa kwenda kwenye kompyuta, na programu ya kurekodia ya bure kama Audacity. Rekodi kwa WAV, faili isiyobanwa, ya kilohezi 44.1, biti 16, ambayo hula megabaiti 10.6 kwa dakika. Kaseti ya saa moja ni megabaiti 635, na zote 40 zikiwa za saa moja ni gigabaiti 25 na kidogo. Hizo ziweke mahali pawili na usiziguse tena. Za kwenye gari zitolewe humo kwa MP3.

Kabla ya kupiga, tazama ukanda kupitia kile kidirisha. Ukiona weupe kama unga ni ukungu, usiiingize kwenye deki, nitakusafishia. Isiyo na ukungu ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha bila ya kuipiga, maana ukanda uliokaa miaka hushikamana. Kichwa cha deki kifutwe kwa pamba na spiriti safi, na baada ya kila kaseti mbili tatu utazame pamba: ile kahawia iliyotoka ni muziki. Pembeni mwa kichwa pana skrubu ndogo yenye springi. Wimbo ukiwa wapiga, fundi aizungushe polepole, robo robo, akisikiza fidla. Kuna mahali ambapo fidla hufunguka ghafla kama mtu aliyeondoa mkono mdomoni. Hapo ndipo kichwa kilipolingana na kile kilichorekodi, na kila kaseti ina mahali pake. Simu ya mpwa wako ilirekodi kaseti zote 40 kwa mahali pamoja.

Na hii ndiyo sababu nakukataza wufa. Udi, fidla, dumbaki na sauti ya mwimbaji, vyote hivyo mlango uliozibwa vizuri wavibeba. Wufa ya inchi 12 itayavuta yale mavumo ya kaseti na mtikisiko wa maikrofoni, na udi utausikia kama uko chumba cha pili. Siku ukiamua kusikiza bongo fleva kwa nguvu, rudi tuongee, RCA zipo.

Pesa zako nimezigawa hivi, ukipata kwa chini zaidi heri: redio isizidi 14,000, spika za mbele 9,000, butili, pete na plagi 5,000, ufundi 4,000. Zilizobaki 3,000 zitie kwenye deki ya mtumba iliyo hai, uijaribu kabla ya kulipa kwa kaseti isiyo na thamani. Usiijaribu kwa ya baba. Na kila kaseti kabla hujaiingiza humo, tazama mgongoni mwake: kuna vijipembe viwili vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje kwa bisibisi, mtu asije akabonyeza kitufe chekundu kwa makosa.